Deni la Simu na Kazi ya Sare: Je, CRB Inaweza Kukunyima Nafasi?

Msimu wa kuandikisha makurutu ukikaribia, Mautuma huamka mapema. Jua bado halijachomoza juu ya mashamba ya mahindi, tayari vijana wanakimbia kwa makundi kuelekea upande wa Turbo, wengine viatu mkononi ili nyayo zizoee. Jioni wanapimana urefu ukutani. Nyumbani wazazi nao wana hesabu zao: magunia mangapi yamebaki ghalani, bei inasemaje, nani kwenye chama anaweza kusaidia.

Ni msimu kama huo ambapo mama mmoja wa huko Mautuma alipigia simu huduma yetu kwa wateja. Alitaka tumrudishie Ksh 15,000 alizokuwa ametuma siku iliyotangulia. Kijana wake alikuwa amechukua mkopo wa benki kupitia simu, Ksh 2,300, akashindwa kulipa, jina likapelekwa CRB. Halafu mtu fulani akampigia mama, akajitambulisha kama afisa wa "ofisi ya kusafisha majina". Akamwambia mwenye deni hapewi cheti cha maadili mema, na asiye na cheti hata uwanjani haingii. Lakini akitoa elfu kumi na tano leo, jina litafutwa kabla ya siku ya usajili. Mama akauza magunia matano, akatuma.

Pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia. Hapo hakuna kitu cha kurudisha, ni kazi ya polisi. Mhudumu wetu alimweleza jinsi ya kuripoti, na laini ile ikafungwa. Kabla ya kukata simu, mama akauliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Sasa mwanangu, niambie ukweli. Hilo deni litamnyima kazi ama halitamnyima?"

Jibu fupi, mama: deni lenyewe, kwa kawaida, halimfungii mtu mlango wa kazi ya usalama. Uongo kuhusu deni ndio unaofunga. Jibu refu ni hili.

Cheti cha DCI hakina habari za mkopo wako

Watu wengi wanachanganya vyeti viwili ambavyo havihusiani kabisa. Cheti cha maadili mema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unaomba kupitia eCitizen, unalipa Ksh 1,050, unachapisha fomu, kisha unapeleka alama za vidole, kwa mfano Huduma Centre. Alama zako zinalinganishwa na kumbukumbu za uhalifu. Wanachotafuta ni rekodi ya jinai. Mkopo wa simu uliochelewa ni jambo la madai kati yako na aliyekukopesha, na halimo kwenye kumbukumbu hizo. Kwa hiyo mtu akikutumia ujumbe kwamba "usipolipa leo tutakuzuia kupata cheti cha DCI", huyo anakutisha tu.

Na kwa sababu sisi kazi yetu ni malipo, tuseme hili waziwazi: ada ya serikali hulipwa kwa nambari ya serikali. Paybill ya eCitizen ni 222222. Hakuna afisa anayepokea ada ya cheti kwa laini yake binafsi, hata kama jina linalotokea kwenye skrini linafanana na la mkubwa fulani unayemjua.

CRB ni kitu kingine. Hizo ni kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ambazo huweka historia ya mikopo ya watu. Ziko tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Ukilipa vizuri zinaandika, ukikosa kulipa zinaandika. Sheria inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kama mkosaji, na tangu kanuni za 2020, deni lisilofika Ksh 1,000 halipelekwi huko kabisa. Cheti chako cha kwanza cha kuonyesha huna deni ni bure. Tena kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako mara moja bila malipo. Hebu linganisha na zile elfu kumi na tano.

Usione kama kuandikwa CRB ni laana ya mtu mmoja. Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kupunguza madeni ya simu Novemba 2022, wakopaji wa simu waliokuwa wameorodheshwa vibaya walizidi milioni 4.2. Nchi nzima ina watu wa aina hiyo, wakiwemo wengine wanaovaa sare wakati huu unaposoma.

Ila tusidanganyane pia. Idara na kampuni kadhaa huomba cheti cha CRB mtu anapoajiriwa, hasa kazi zinazogusa pesa. Ukilipa deni, mkopeshaji anatakiwa kupeleka habari hiyo CRB na hali yako inabadilika kuwa imelipwa, lakini kumbukumbu kwamba ulichelewa hubaki kwa miaka mitano. Hakuna "ofisi ya kusafisha majina". Kuna kulipa, na kuna muda.

Polisi walipoulizwa kuhusu M-Pesa zao

Sasa tufike pale ambapo simu yako na kazi ya usalama zinakutana kikweli.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliagiza kila afisa apigwe msasa ili ionekane kama anafaa kuendelea na kazi. Tume ya Huduma ya Polisi, wakati huo ikiongozwa na Johnston Kavuludi, ilianza shughuli hiyo Desemba 2013 na wakubwa, kisha ikashuka kwa vyeo vya chini na kwa maafisa wa trafiki. Wakenya wengi waliifuata kwenye televisheni. Maafisa walijaza fomu za mapato, mali na madeni yao, wakaleta stetimenti za benki. Na kitu ambacho wengi hawakukitarajia: wakaulizwa kuhusu stetimenti za M-Pesa.

Hapo ndipo watu walianza kutoa jasho. Benki, mtu anaweza kuipanga. Anajua pesa zinazoingia huko zinaonekana, kwa hiyo anaingiza mshahara na marejesho ya Sacco, basi. Lakini simu ni mdomo usiofungwa. Kila muamala una saa, tarehe, jina na nambari. Afisa wa barabarani ambaye mshahara wake unajulikana, lakini kila jioni laini yake inapokea elfu mbili, elfu tatu, elfu tano kutoka kwa watu tofauti, anaulizwa hawa ni kina nani. Na afisa mdogo anayemtumia mkubwa wake pesa kila wiki anaulizwa analipia nini. Wengine walieleza kwamba wana biashara, wana mashamba, wana ng'ombe wa maziwa. Waliokosa maelezo ya kuridhisha kuhusu pesa zao ni baadhi ya walioondolewa kazini.

Angalia vizuri swali lililokuwa linaulizwa. Tume haikuwa inatafuta afisa maskini wala afisa tajiri. Ilitafuta kama maneno yake yanalingana na makaratasi yake. Mwenye mkopo mkubwa wa Sacco alionyesha mkataba na makato kwenye pesilipu, jambo likaeleweka. Mwenye mali isiyo na chanzo hana cha kuonyesha.

Kwa kijana anayekimbia asubuhi Mautuma, maana yake ni hii. Siku ya usajili watampima urefu, watamtazama meno, watamkimbiza, watakagua kitambulisho na vyeti vya shule. Hakuna atakayefungua simu yake. Maswali ya pesa huja baadaye, akiwa tayari ndani, na wakati huo yataulizwa kuhusu miaka ambayo ameshaisahau.

Fomu yenye kisanduku cha madeni

Mtumishi yeyote wa umma Kenya, awe polisi, askari jela, chifu au mwalimu, hutangaza mapato, mali na madeni yake. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilitaka tangazo la kwanza ndani ya siku 30 baada ya kuingia kazini, kisha kila baada ya miaka miwili. Ilihusu pia mke au mume na watoto walio chini ya miaka 18. Aliyeandika uongo akijua ni uongo alikabiliwa na faini ya hadi Ksh 1,000,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 sasa imeshika nafasi ya ile ya zamani, na wajibu wa kutangaza umebaki.

Neno "madeni" kwenye fomu watu hulisoma haraka. Wanafikiria mkopo wa nyumba. Lakini Fuliza ni deni. Hustler Fund ni deni. Mkopo wa chama ulioandikwa kwenye daftari la katibu ni deni. Pesa za shailoki wa sokoni, aliyeshikilia kadi yako ya ATM, ni deni pia, na hilo ndilo wengi huficha kwa aibu. Sasa mtu anaandika "hakuna", na kumbe laini yake inaonyesha amekatwa Fuliza kila siku kwa miezi minane. Deni la Ksh 900 linakuwa ushahidi kwamba huyu mtu akiulizwa swali rahisi hudanganya. Kutokea hapo, hata mambo ya kweli aliyoandika yanatiliwa shaka.

Kwa nini wanajali hivyo? Jiweke mahali pao. Unampa mtu bunduki, ufunguo wa ghala, au faili ya siri. Kama anadaiwa pande zote na hakuna anayejua, yeyote anayejua ana kamba ya kumvuta nayo. Deni linalojulikana, lenye mpango wa kulipwa, halina kamba hiyo. Ndiyo maana kanuni za utumishi wa umma hapa kwetu, tangu zamani, zimehesabu kuzama kwenye madeni kuwa jambo linaloweza kumtia mtumishi matatani na mwajiri wake. Kwa nyadhifa nyeti zaidi, Huduma ya Taifa ya Ujasusi, NIS, ina mamlaka ya kisheria ya kumchunguza anayeomba au kushika wadhifa huo.

Walio na ndugu jeshini Marekani wanaweza kuwauliza, watasikia hadithi ileile. Anayeomba kibali cha kushika siri za serikali huko hujaza fomu iitwayo SF-86. Fomu hiyo inauliza, pamoja na mengine mengi, kama katika miaka saba iliyopita amewahi kuwa na deni lililochelewa zaidi ya siku 120. Mwongozo wa wachunguzi unatambua kwamba mtu anaweza kuzama kwa sababu ya ugonjwa, talaka au kupoteza kazi, na unatazama kama amejitahidi kulipa. Lakini kuficha kwa makusudi kumewekwa katika fungu lake peke yake, chini ya tabia ya mtu. Ukiwa na deni na umelitaja, mnazungumza kuhusu deni. Ukilificha, mnazungumza kuhusu wewe.

Halafu kuna ile "chai"

Hili hatuwezi kulikwepa, maana mama zetu wanauza ng'ombe kwa ajili yake. Kila msimu wa usajili kuna watu wanaozunguka wakisema wana "nafasi". Wengine ni matapeli tu, hawajui hata lango la kambi liko wapi. Mautuma iko karibu na Eldoret, na Eldoret ndiko shule ya makurutu wa jeshi iliko, Moi Barracks, kwa hiyo maneno ya "nina mtu wangu pale ndani" husikika kama ya kweli. Miaka nenda rudi, vijana hufika mafunzoni na barua za kuitwa jeshini walizonunua, na barua zikapatikana kuwa bandia. Huyo kijana hakurudi nyumbani tu. Alikamatwa, maana kuwasilisha hati ya kughushi ni jinai. Na jinai, tofauti na mkopo wa simu, huingia kwenye zile kumbukumbu za DCI.

Hata pale ambapo mpokeaji ni afisa wa kweli, hesabu haibadiliki. Sheria dhidi ya Hongo ya 2016 inamhukumu anayetoa sawa na anayepokea: hadi miaka 10 jela, au faini ya hadi Ksh 5,000,000, au vyote. Mkumbuke pia yaliyotokea 2014. Usajili wa makurutu 10,000 wa polisi uliofanyika Julai mwaka huo ulipelekwa mahakamani na IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, kwa sababu ya madai ya ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Oktoba Mahakama Kuu ikaufuta wote. Aliyekuwa ametoa chai na aliyekuwa hajatoa hata ndururu, wote wakaambiwa usajili ule haupo. Ni nani angeenda kudai arudishiwe hongo?

Na kama chai hiyo ilitumwa kwa simu, basi imeandikwa. Tarehe, saa, jina, nambari. Umeununua ushahidi dhidi yako mwenyewe, na ada ya kutuma umelipa wewe.

Laini yako ni sahihi yako

Kuna mambo madogo ambayo wateja wetu hufanya bila nia mbaya, lakini kwa anayetaka kazi ya usalama yana uzito. Kubwa kuliko yote ni kuazimana laini. "Nisajilie laini kwa kitambulisho chako, changu kimepotea." "Nikopee kwa simu yako, nitalipa mwisho wa mwezi." Unakubali kwa sababu ni binamu yako. Asipolipa, jina lililoko CRB ni lako. Akitumia laini hiyo kutapeli watu, wapelelezi watakuja kwako kwanza, na itabidi ueleze mambo ambayo hukuyafanya. Angalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoijua omba ifungwe.

Kukopa kwa kitambulisho cha mtu mwingine bila yeye kujua ni habari nyingine. Hapo tumetoka kwenye deni tumeingia kwenye udanganyifu. Kujipatia mali kwa njia ya uongo kunaweza kukupa miaka mitatu chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Vijana wengi wamemfanyia hivyo nyanya yao na kuiona kama mchezo. Nyanya akinyamaza, bahati yako.

Na ile pesa iliyoingia kimakosa? Wewe unajua si yako. Acha ikae, subiri mwenye pesa apitie kwa mtoa huduma ili irudishwe. Usiitoe, wala usiitume mwenyewe kwa nambari unayotajiwa kwenye simu, maana huo nao ni mtego wa matapeli.

Kama una deni sasa hivi na unataka kazi ya sare, anza na ripoti yako ya bure ya CRB ili ujue kilichoandikwa. Pengine kuna deni ulilolipa kitambo na halijafutwa. Peleka malalamiko kwa mkopeshaji na kwa CRB yenyewe, ukiwa na ujumbe wa malipo. Kama deni ni la kweli na huna pesa yote, piga simu kwa mkopeshaji muweke mpango, hata kama ni wa mia mbili mia mbili. Omba mpango huo kwa maandishi. Pakua stetimenti yako ya miezi 12 kwenye app yetu, uisome polepole kama mtu asiyekujua. Ukifika kwenye muamala ambao wewe mwenyewe huwezi kuueleza, andika pembeni ulikuwa wa nini wakati bado unakumbuka. Na siku ya kujaza fomu, kwenye kisanduku cha madeni, andika yote, hata lile la chama.

Yule mama wa Mautuma alitupigia tena wiki chache baadaye. Zile elfu kumi na tano hazijapatikana. Lakini kijana alikuwa amefanya kibarua cha kupukuchua mahindi, akalipa zile 2,300 pamoja na riba iliyokuwa imeongezeka, na cheti cha kwanza cha CRB akapewa bure kama tulivyomwambia. Usajili ulikuwa bado haujafika. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu.

"Huu ujumbe wa kuonyesha amelipa," akauliza, "simu ikijaa, naweza kuufuta?"

"Usiufute, mama," mhudumu akamjibu. "Hata ukibadilisha simu, uandike mahali."

"Basi nitauandika nyuma ya kadi yake ya kliniki," mama akasema. "Hiyo sijawahi kuipoteza tangu azaliwe."